Nakala Moja kwa Wilaya Nzima

Sijawahi kumwona mtu wa wilaya yetu ya Chemba akinunua programu ya kompyuta. Kompyuta zenyewe watu wananunua, kwa taabu, baada ya kuuza ufuta au alizeti, au kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Wananunua printa, wino, rimu za karatasi, hata jenereta. Programu hapana. Programu huja kwenye flashi ya fundi, pamoja na ile namba ndefu ya kuifungulia iliyohifadhiwa kwenye faili dogo, na fundi hulipwa kwa kazi ya mikono yake, kazi tunayoiita "kupiga window". Hakuna anayeuita huo wizi. Unaitwa ufundi, na mimi mwenyewe ndio ulionilisha kwa muda mrefu.

Kwa hiyo hoja ambayo wapenzi wa mfumo wa kompyuta wa Linux huitanguliza popote waendapo, kwamba ni ya bure, hapa haimtikisi mtu. Nilipoanza kuizungumzia kwenye ofisi ya walimu ya shule moja ya sekondari, mwalimu wa Hisabati alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa kaka, hii niliyonayo kwani nililipia?" Wenzake wakacheka. Swali lilikuwa la haki. Mahali ambapo kila programu imepatikana bila senti, ukimwambia mtu kwamba yako ni ya bure hujamwambia kitu.

Kilichonifanya nibaki na Linux, na kilichowafanya baadhi yao hatimaye waichukue, ni ruhusa ya kunakili. Leseni ya GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wake wa GNU, na ambayo Linus Torvalds aliifunga kwenye kiini cha Linux mwaka 1992, inampa kila aliyepokea nakala haki ya kutoa nakala nyingine kwa idadi aitakayo, hata kwa malipo. Mtu wa Helsinki mwenye intaneti ya kasi nyumbani anaweza kukisoma kifungu hicho kama falsafa. Mtu wa Chemba anakisoma kama suala la usafiri.

Hesabu yake ni hii. Wilaya yetu ni changa. Ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Kondoa na Babati inapita katikati yake, na tangu lami ilipokamilika na kuzinduliwa mwaka 2018, aliye kandokando ya barabara hiyo hana shida kubwa ya mtandao. Lakini Chemba siyo barabara tu. Kuna Farkwa, kuna Kwa Mtoro, kuna Goima, kuna Mrijo, na vijiji ambavyo simu inapata mtandao ukisimama upande fulani wa nyumba. Faili la kusakinishia Linux Mint siku hizi linakaribia GB 3. Ukishalisakinisha, jambo la kwanza linaloombwa ni masasisho, nayo ni mamia mengine ya MB. Halafu mtu anataka programu ya kuchezea video, anataka fonti, anataka draiva ya printa. Programu ni bure, bando si bure, na bando hilo mwalimu wa kijijini alikuwa amelipangia WhatsApp ya mwezi mzima.

Waliokuja na Ubuntu mwaka 2004 waliliona jambo hili mapema, pengine kwa sababu mwenye mradi, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Walikuwa na mpango ulioitwa ShipIt: unajaza fomu, unaandika S.L.P. yako, na CD zinaletwa kwa posta bila kulipa chochote. Wakubwa wangu katika ufundi, pale Dodoma mjini, walikuwa na bahasha zake kabatini na walizitunza kwa fahari. Mwaka 2011 mpango ukafungwa. Sababu iliyotolewa ilieleweka, kwamba watu wengi sasa wanapakua wenyewe. Tangu hapo kazi ya kuifikisha Linux kwenye kijiji kama Kwa Mtoro imebaki kwa mtu yeyote mwenye diski na moyo wa kuibeba.

Diski yangu ni ya GB 500, ya nje, iliyotolewa kwenye kompyuta ndogo iliyovunjika kioo na kutiwa kwenye kasha la USB. Ningependa kueleza ilivyopangwa, kwa maana hapo ndipo penye faida kwa fundi mwenzangu wa wilaya nyingine yenye hali kama yetu.

Folda ya kwanza ina mifumo yenyewe. Nimejaribu mingi na nimerudi kwenye miwili: Debian na Linux Mint. Ubuntu ni mzuri, ila tangu toleo la 22.04 hata Firefox yake huja kwa njia ya snap, na vifurushi vya snap ni vigumu kuvihamisha kwa flashi kutoka mashine moja kwenda nyingine. Mint waliizuia snap tangu mwaka 2020. Debian nayo ina kitu ambacho sijaona watu wakikisifia vya kutosha: faili la DVD ya kwanza, ambalo lina mfumo kamili, mazingira ya kazi, LibreOffice na programu nyingine nyingi, kiasi kwamba unaweza kuisimamisha kompyuta mpaka ikafanya kazi za ofisi bila kugusa intaneti hata kidogo. Na kuanzia toleo la 12, lililotoka Juni 2023, faili hilo linabeba pia zile programu ndogo zinazohitajika na kadi za Wi-Fi. Zamani ulikuwa mzunguko wa ajabu: kompyuta haina Wi-Fi mpaka upakue faili, na kulipakua unataka Wi-Fi. Ukikutana na mashine ya namna hiyo hata leo, chomeka simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti ya simu kupitia waya huo. Linux huitambua mara moja, haiombi draiva.

Folda ya pili ndiyo yenye thamani. Mifumo hii miwili ikisakinisha programu, huipakua kwanza ikiwa vifurushi vyenye herufi .deb mwishoni, na kuviweka ndani ya /var/cache/apt/archives. Ukivichukua hapo ukavipeleka kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile na biti zilezile, amri ya sudo dpkg -i *.deb inavisakinisha bila MB moja kutumika. Kuna siri ndogo ambayo wengi hawaijui wakabaki wanalalamika kwamba folda hiyo ni tupu: ukitumia amri ya apt, vifurushi hufutwa vikishasakinishwa, ukitumia apt-get, hubaki. Herufi chache hizo zimeniokolea bando jingi. Kwa hiyo mashine moja iliyo karibu na barabara hupakua kwa niaba ya nyingine zote, na kila toleo nina folda yake, maana ukichanganya vifurushi vya Debian 11 na vya 12 utakesha.

Halafu kuna daftari. Kila faili kubwa lililomo kwenye diski, waliolitengeneza hutangaza alama yake ya sha256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Kwenye daftari ninaandika herufi nane za mwanzo na nane za mwisho. Nakala ikishapita mikono ya mafundi wengi na flashi za bei nafuu, anayeipokea huandika sha256sum na jina la faili, kisha ananipigia tunalinganisha. Zikitofautiana, faili limeharibika njiani au mtu ameliingiza mkono. Kwenye zile flashi za "kupiga window" hakuna daftari la namna hii, wala haliwezi kuwepo, kwa sababu aliyevunja kufuli hajatia sahihi yake popote. Tena programu nyingi za kuvunjia kufuli hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi. Watu wanakubali tu. Ukifikiri vizuri, ni ombi la kutisha.

Na virusi ndivyo vilivyoifungulia Linux mlango.

Kila anayetumia kompyuta Tanzania anaujua ugonjwa wa flashi. Unachomeka flashi, folda zako zote zimegeuka njia za mkato. Ukibofya "Mitihani" inafunguka kweli, lakini kwa kupitia kirusi, ambacho wakati huohuo kinajihamishia kwenye kompyuta. Safari yake ni ya kila siku: flashi inatoka ofisini kwenda shule, shuleni kwenda steshenari, steshenari kwenda kwa katibu wa chama cha ushirika anayetaka kuchapa orodha ya wakulima na kilo zao. Steshenari ndipo wote wanapokutana. Mwisho wa muhula, wakati mitihani inatungwa, watu huja kwangu na nyuso za msiba wakisema kazi yao yote imefutika.

Haijafutika. Kirusi cha aina hii huchukua folda halisi, huzipa sifa ya kufichwa, na mara nyingi huzikusanya ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu isiyoonekana. Windows inaheshimu sifa ile, kwa hiyo haioneshi kitu. Linux haiijali. Ukichomeka flashi ileile kwenye mashine ya Linux, unaona vyote vimejipanga: folda isiyo na jina, mafaili ya .lnk ambayo ndiyo njia za mkato za uongo, na mara nyingi faili moja la .vbs au .exe ambalo ndilo kirusi chenyewe. Hapo usibofye mafaili hayo mawili matatu, nakili folda halisi kwenda kwenye diski ya kompyuta, futa flashi yote kwa kuiformati upya, kisha rudisha mafaili. Ukinakili kwa mtindo huu sifa ya kufichwa haisafiri nayo, na mwenye flashi ataona kazi zake hata akirudi kwenye Windows.

Nilikuwa nafanya hivi mbele ya mwenye flashi, makusudi. Mama mmoja mwenye steshenari pale barabarani alitazama mara ya kwanza, akatazama mara nyingine, akasema: "Fundi, hiyo mashine yako nitafutie na mimi. Lakini usinigusie ile ya printa." Hakutaka kujua habari za leseni. Alitaka mashine ya kupokelea flashi za wateja, mlinzi wa mlangoni. Tukachukua kompyuta kuukuu ya RAM GB 2 iliyokuwa imefunikwa kitambaa kwenye kona, tukaweka Debian yenye mazingira mepesi ya Xfce, na tangu hapo kila flashi inapita hapo kwanza. Huwa namtahadharisha yeye na wengine wasiseme Linux haina virusi. Hivi tunavyokutana navyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, basi. Kesho mtu akiandika vya Linux navyo vitakuja na flashi zilezile.

Kuhusu ile ya printa alikuwa sahihi na sikubishana naye. Printa zinatofautiana sana. HP nyingi zinakubali kwa mradi wa HPLIP, ambao mara nyingi tayari umo ndani ya mfumo. Lakini kuna aina moja ya printa ndogo ya leza, iliyoenea steshenari za mkoa mzima, ambayo kuitafutia draiva ya Linux ni kazi ya kumpotezea fundi usingizi na mteja kipato. Zaidi ya hapo anatengeneza kadi za harusi na mabango, na wateja humletea kazi za CorelDRAW. Inkscape na GIMP ni programu nzuri, nazitumia, lakini hazitalifungua faili la mteja kama mteja anavyolitaka, leo hii, huku bwana harusi amesimama kaunta. Mtu anayemng'oa mama huyu kwenye Windows ili kushinda ubishi amemtia hasara.

Walimu walikuwa na shida tofauti. Mtihani ulioandikwa kwa kurasa mbili kwenye Word ukifunguliwa LibreOffice unaweza kutoka kurasa mbili na mistari mitatu. Mistari mitatu hiyo ni karatasi ya ziada kwa kila mwanafunzi, na ukizidisha kwa mkondo mzima, mkuu wa shule anakuita ofisini. Chanzo karibu kila mara ni fonti. Times New Roman ina mbadala wenye vipimo vilevile, Liberation Serif, nao umo tayari. Calibri mbadala wake ni Carlito na Cambria ni Caladea, na hizo pengine hazimo. Kifurushi cha Carlito kinaitwa fonts-crosextra-carlito, ni kidogo, nacho kimo kwenye folda yangu ya pili. Jambo kubwa zaidi ni kumzoesha mwalimu kwamba kazi iliyokwisha inapelekwa steshenari ikiwa PDF. PDF haihami mistari, haijali Word ya mwaka gani, na tena mwenye steshenari hawezi kugusa swali kwa bahati mbaya. Walimu wa taaluma waliipenda sababu hiyo ya mwisho kuliko zote nilizowapa.

Kuna mpangilio mwingine nisioacha kuurekebisha kwenye mashine yoyote ninayoikabidhi. LibreOffice hujihifadhia kumbukumbu ya dharura kila baada ya dakika 10. Kwa umeme wetu dakika 10 ni nyingi. Ingia Tools, kisha Options, kisha Load/Save, weka 2.

Nilitarajia mabishano makubwa yawe juu ya mifumo ya serikali, nikakuta yamejimaliza yenyewe. Mwalimu anaomba likizo au uhamisho kupitia ESS, afisa manunuzi yuko kwenye NeST, na yote hayo yanafunguliwa kwenye kivinjari. Firefox ya Linux inatosha. Tena kwenye zahanati na hospitali, takwimu za MTUHA huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa sehemu ya kazi yake hapa nchini. Wahudumu wanaoujua kwa ufasaha hawajawahi kuambiwa kwamba ni programu huria, na sioni kama kuna walichopungukiwa. Vivyo hivyo vishikwambi vya sensa ya 2022, ambavyo baadaye viligawiwa walimu: ni Android, na ndani ya Android kiini ni Linux. Vijana wanapenda sana kuitoa hoja hii. Inamaliza ubishi wa kijiweni, ila haijawahi kulifungua faili la mtu.

Kiswahili nacho kina historia yake humu, na inasikitisha kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hilo liliwezekana bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Mimi niliikuta baadaye sana, ikiwa tayari imepitwa na matoleo, na OpenOffice yenyewe ilikuwa imezaa LibreOffice mwaka 2010. Tafsiri ni kazi isiyokwisha: kila toleo jipya linaleta menyu mpya, na bila mtu wa kuendeleza, Kiswahili kinabaki na viraka. Kwa walimu na wanafunzi wa sekondari sijaona menyu za Kiingereza zikiwa kikwazo kikubwa, wamezoea.

Kilichobaki na kinachotumika ni kamusi ya kusahihisha tahajia. LibreOffice inayo ya Kiswahili cha Tanzania, nami huiwasha kwenye mashine za watendaji wa vijiji kabla ya kitu kingine. Katika ofisi ya kijiji huku, mtendaji anaweza kuwa Mrangi, mwenyekiti Msandawe na mjumbe Mburunge, na muhtasari wa mkutano unaandikwa Kiswahili. Kuuandika kwenye programu inayopiga mstari mwekundu chini ya kila neno, kana kwamba ukurasa mzima ni makosa, kunachosha macho na kunamfanya mtu ashindwe kuliona kosa la kweli. Mtendaji mmoja, mzee wa makamo, aliponiona nikibadilisha lugha ya ukurasa na ile mistari ikatoweka, ikabaki miwili tu, aliisogelea skrini: "Kumbe 'dharula' sivyo?" Sivyo, mzee. Ni dharura.

Kwenye shule ambazo mkuu alikubali, diski ina folda ya tatu. Kuna Kiwix, ambayo huifungua Wikipedia bila intaneti. Ya Kiingereza yenye picha zote inataka karibu GB 100, lakini ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ndogo ya kawaida. Kuna Kolibri ya shirika la Learning Equality, yenye menyu za Kiswahili na masomo unayoyapakua mara moja, na kompyuta moja ikiwa na kisambaza Wi-Fi inahudumia darasa zima. Sitaki kuipamba habari hii. Shule moja wanaitumia kila juma kwa sababu kuna mwalimu wa kike wa Fizikia anayeipenda. Shule nyingine mashine ile imekuwa ya kuandikia barua. Vifaa ni vilevile, masomo ni yaleyale, chumba pia kinafanana.

Mashine zenyewe ni zile zilizokwishatumika mahali pengine: Ulaya, Dubai, kisha Kariakoo, kisha Dodoma, kisha kwetu. Nyingi zinafika na betri ya saa iliyokufa. Inaonekana jambo dogo, kumbe ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya "intaneti imegoma". Kompyuta inapowaka ikidhani tuko mwaka 2009, kivinjari kinakataa kufungua tovuti salama kwa kuona vyeti vyake bado havijaanza kutumika, na apt nayo inakataa orodha za vifurushi kwa sababu hiyohiyo. Kabla hujaanza kuisaka Wi-Fi, tazama tarehe. Betri ni CR2032, ile ya duara, inapatikana hata kwa mafundi saa.

Kazi imeongezeka tangu Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa, tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina, kwa hiyo ofisi za mijini zinazitoa za kwao na sisi tunazipata zikiwa bado nzuri kabisa. Kabla ya hapo, tarehe 9 Agosti mwaka huohuo, Debian 13 ilikuwa imetoka bila faili la kusakinishia kompyuta za biti 32. Nazo tunazo bado, kuukuu, zenye kelele, zinazofanya kazi.

Fundi mmoja wa upande wa Goima alinipigia akitaka hiyo 13. Nikamuuliza mashine zake ni za biti ngapi. Akaenda kuangalia, mbili ni za 64, tatu za 32. Nikamwambia zile tatu zibaki kwenye 12 na asiziunganishe na intaneti bila sababu, ni za kuandikia tu. Akauliza vifurushi vya 12 nitaviacha kwenye diski hadi lini. Nikamjibu sivifuti, ila aje na diski yake mwenyewe avinakili vyote, GB 60 na ushee, ili yangu ikifa siku moja visipotee. Akasema diski hana, anayo ya mdogo wake ya GB 320 imejaa filamu. "Mwambie mdogo wako achague," nikamwambia, naye akacheka, akasema atakuja Jumamosi siku ya gulio.